Doña Obdulia na Ngazi Iliyooza kwa Mikojo

Na msiniambie tena eti ni maji ya mvua. Mvua gani? Jiji hili halijaona tone tangu Oktoba, vumbi limetujaa mpaka kwenye meno, halafu mtu mzima mwenye tai ananikazia macho ananiambia yale maji meusi chini ya ngazi ya umeme ni mvua iliyopenya. Mvua hainuki vile. Mvua haiwashi macho. Mvua haiji kila jioni ile saa ambayo wanaume wanatoka kantini wamejaa bia. Ule ni mkojo. Mkojo wenu, wa waume zenu, wa kaka zenu, na nitaliandika neno hilo mara nyingi ninavyotaka mpaka mwone haya.

Mimi nauza tamale, unga wa mahindi wenye nyama uliopikwa ndani ya maganda yake, kwenye mlango wa stesheni ya Mtungi, upande ule wa ngazi ya umeme. Stesheni ina jina la jenerali fulani, ila hakuna anayelitaja. Kila stesheni ya metro hapa Mexico ina picha yake, yetu ni mtungi, basi sote tunaiita Mtungi. Treni za njia tatu zinakutana pale chini, na asubuhi hutembei, unabebwa. Unashuka mguu mmoja haujagusa chini, na begi lako liko tumboni kwa mtu usiyemjua. Nafunua sufuria, mvuke wa mahindi na pilipili unapanda vizuri, halafu upepo unatoka shimoni na kuleta ile harufu nyingine. Mteja anakunja pua, ananiuliza kama nyama imechacha. Nyama yangu mimi. Nimjibu nini? Nimwambie ndugu yangu, hiyo unayoinusa ni ya jirani yako wa ofisini?

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya tamale. Nimeichukua kwa ajili ya Doña Obdulia.

Kama umewahi kupita Mtungi umemwona, hata kama hukumtazama. Obdulia Xicale, sote tunamwita Doña kwa heshima, mfupi, miaka sitini na moja, nywele kabana nyuma kwa kibanio cha maua ya plastiki, ndoo mkono huu, dekio mkono ule. Amefagia na kudeki stesheni hiyo miaka kumi na tisa. Ukiuliza kampuni ya usafi watakwambia ana miezi saba. Kila baada ya muda zabuni inachukuliwa na kampuni mpya, kampuni mpya inamvua shati la zamani inamvisha lake, na kumwambia leo ndo umeanza kazi. Ameshavaa la bluu, la kijani, la rangi ya machungwa, sasa la kahawia. Magoti ni yale yale.

Alikuja mjini kutoka milima ya Puebla akiwa na miaka kumi na tatu, kufulia watu nguo. Akamlea mtoto wa tajiri mmoja mpaka mtoto akawa daktari, na siku walipokutana dukani daktari akampa sarafu akidhani ni ombaomba. Hiyo anaisimulia akicheka. Mume wake alitoka kununua sigara mwaka lile tetemeko kubwa lilipoangusha jiji, na kila mtu akajua kafukiwa. Doña Obdulia akamlilia, akavaa nyeusi, akawasha mishumaa. Miaka sita baadaye marehemu akaonekana Toluca, kanenepa, ana mke na duka la viatu. Nikamuuliza alifanya nini. Akasema alivua nyeusi na kuigeuza matambara ya kudekia, kitambaa kilikuwa kizuri.

Hajui kusoma. Metro nzima anaijua kwa picha: anakwambia panda penye Bata, badilisha penye Kengele, na hajawahi kumpoteza mtu. Lakini ana pua na ana mdomo, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo stesheni ile haivumilii.

Chini kabisa, ngazi ya umeme inapoanza, kuna kona iliyoingia ndani ya ukuta. Taa yake imeungua siku nyingi. Sakafu pale imeinama kidogo kuelekea kwenye bamba la chuma linalofunika mashine. Pale Mtungi hakuna choo cha abiria, basi wanaume wameamua wenyewe kuwa kona ile ndo choo. Siyo walevi tu. Wenye mikoba, wenye pete za ndoa, na walinzi wa stesheni nao wamo, nimewaona, virungu vinaning'inia huku wanajisaidia. Mkojo unateremka kwenye bamba, unaingia mashineni, na kila asubuhi Doña Obdulia anapiga magoti anakausha kwa matambara.

Siku moja nilikuwa nashuka kumpelekea tamale yake nikamkuta amesimama nyuma ya bwana mmoja wa suti, bwana kageukia ukuta.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, "na nyumbani kwenu mnakojoa kwenye ngazi?"

Bwana hata hakugeuka. "Kwetu hakuna ngazi, mama."

"Basi subiri ufike, ukojoe kitandani. Mkeo ataelewa, ameshaolewa na wewe."

Watu waliokuwa wanapita wakacheka. Yule bwana akamaliza. Ndicho kinachonichefua: alicheka na yeye, na akamaliza.

Ngazi ikafa wiki ya pili ya Kwaresima. Ilitoa mlio kama nguruwe, ikatikisika, ikasimama, na watu sabini wakaangukiana. Tangu siku hiyo ni kupanda kwa miguu, hatua sabini na nne. Wazee wakawa wanapumzika katikati wameshika ukuta, na ukuta ule bora usiushike.

Fundi wa metro, Macario, mtu mzima wa maneno machache, akaja na wenzake wakafungua lile bamba. Nilikuwa juu kule mlangoni na bado harufu ilinifika kama kofi, nikashuka kuona. Mlinzi mmoja akatapika kwenye kofia yake. Mnyororo wa chuma, mnene kama mkono wangu, ulikuwa umelika kama biskuti iliyochovywa kwenye kahawa. Macario akaunyanyua kwa koleo, akauangalia, akasema neno moja tu kwa sauti. Mkojo.

Hapo ndo akaingia Msomi Corchado. Huku kwetu kila mwenye tai tunamwita Msomi, asome asisome, na huyu ni msimamizi wa kampuni ya usafi. Akasimama pembeni ya shimo na leso puani, macho yanamtoka machozi kwa ukali wa ule mkojo, na akasema kupitia ile leso kwamba hiyo ni tindikali. Kwamba wafagiaji wanamwaga tindikali kusafishia, ndo imekula mnyororo.

Nikafikiri masikio yangu yananitania. Macario akamtazama, akatazama shimo, akafunga mdomo. Kwa sababu jamani, fikirini. Ikiwa ni mkojo, wakubwa wa stesheni itabidi waeleze kwa nini hakuna choo na walinzi wanalinda nini. Ikiwa ni tindikali, inatosha kumtoa kikongwe mmoja mwenye shati la kahawia na kesi imekwisha. Kila mtu aliyesimama pale alijua. Pua zao zilijua. Nikawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akakuta kitu cha kutazama kwenye simu. Mmoja akasema labda bomba limepasuka. Mwingine ndo huyo wa mvua.

Kesho yake Msomi akamletea Doña Obdulia karatasi aweke dole gumba. Doña Obdulia akaileta kwangu kwanza, mlangoni. Mimi shule niliishia kidato cha pili lakini herufi nazijua. Nikamsomea: mimi Obdulia Xicale nakiri nimetumia tindikali bila ruhusa, naacha kazi kwa hiari yangu, sidai chochote.

Akauliza, "Hapo pameandikwa tindikali?"

Nikamwonyesha.

"Ninunue tindikali kwa mshahara huu? Si ningeinywa."

Akashuka akamrudishia Msomi karatasi na dole lake kavu. Msomi hakutaka kelele mbele ya abiria, akajifanya mtu wa haki. Akasema sawa, mnyororo mpya unakuja Alhamisi ijayo, siku nane. Kama mafundi wakifungua bamba wakakuta pakavu, yeye anachana karatasi mbele ya watu wote. Wakikuta maji yoyote, dole au bila dole, anatoka. Doña Obdulia akamwambia aseme tena mbele ya Macario, akasema tena.

Basi hiyo ndo ilikuwa kazi yake: kona ile ikae kavu siku nane, au miaka kumi na tisa iende bure.

Siku ya kwanza alikaa palepale kwenye ndoo iliyogeuzwa, kama mlinzi. Wanaume wakasubiri akaenda kudeki jukwaa la treni, aliporudi palikuwa pamelowa. Wakati wa chakula akapanda kwangu, akaniambia nifunike sufuria tukatembee. Alitaka kuona, mtu akibanwa akitoka Mtungi, anaweza kwenda wapi. Alisema huwezi kumtukana mtu kabla hujajua njia yake.

Tukazunguka. Mimi nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka pale na siku hiyo nilitamani ningezaliwa kwingine. Tulipitia uchochoro wa wauza magauni, yale ya wasichana wanaofikisha miaka kumi na tano, madoli ya plastiki hayana vichwa yamevishwa hariri ya waridi, na chini ya pindo za hariri mfereji unatembea mweusi na mafuta. Mbele ya duka la kuku kulikuwa na ndoo ya miguu imejaa nzi. Mbwa alikuwa anakula nepi. Kila ukuta, alama ile ile, mstari wa njano umeshuka na kufika njiani. Kantini ikatuambia choo ni cha wateja, na wateja wenyewe tuliwaona wakitokea nyuma ya gari. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Choo cha sokoni hakina maji tangu Krismasi, ila mama wa mlangoni bado anauza vipande vya karatasi, na watu bado wanaingia. Sitaeleza tulichoona ndani. Nilikuwa nimeshakula.

Sehemu safi ilikuwa moja tu: bafu za mvuke za Don Nabor. Vyoo kumi na viwili, vigae vyeupe, sabuni, peso saba. Mzee amekaa mlangoni na taulo begani kama mfalme.

"Hawaji," akatuambia. "Mwanaume wa hapa atatoa peso mia kuingiza bia. Ukimwambia saba za kuitoa, anakuita mwizi."

Doña Obdulia akamuuliza kama anaweza kupunguza. Akasema aliwahi kufanya bure wiki nzima na hawakuja vilevile, ni hatua mia mbili, na ukuta uko karibu.

Tulikuwa tunarudi, nimekata tamaa, ndipo akasimama. Kulikuwa na ukuta mmoja mweupe, mkavu, hata kojo la mbwa halipo. Kulia kwake mikojo, kushoto kwake mikojo. Na katikati ya ule ukuta, kigae cha Bikira Maria wa Guadalupe, na vazi lake la nyota.

Kila mtaa wa jiji hili unajua hilo. Wanatupa taka kwenye kona, weka Bikira. Wanakojoa mlangoni kwako, weka Bikira. Mwanaume ambaye haogopi polisi wala mkewe anaogopa kufungua zipu mbele ya Mama.

Tukaenda moja kwa moja mtaa wa wauza sanamu. Mwenye duka, mama wa miwani, hakutaka hata maelezo.

"Kwa taka au kwa mikojo?"

"Kwa mikojo," akasema Doña Obdulia.

"Basi chukua huyu mkubwa. Kwa taka hata mdogo anatosha."

Akatupunguzia kwa kuwa kigae kilikuwa na pembe iliyovunjika, pale penye bawa la malaika. Tukaomba saruji kopo moja kwa wajenzi wa jirani, na mchana kweupe, watu wanapita, Doña Obdulia akapiga magoti kwenye ule uchafu wa kona ya ngazi na kumbandika Bikira ukutani. Akaweka taa ndogo ya betri. Walinzi wawili walikuja kutuzuia. Walipoona ni nani yuko ukutani wakavua kofia.

Kesho yake asubuhi palikuwa pakavu. Nilishuka makusudi nikagusa sakafu kwa kiganja changu. Kavu. Jioni nikajibanza nione. Akaja yule bwana wa suti, namjua kisogo chake sasa, mkono tayari uko kwenye zipu. Akainua macho. Akapandisha zipu, na kwa mkono uleule akafanya ishara ya msalaba na kubusu kidole. Nilitaka kutapika na nilitaka kushangilia, sikujua nianze na lipi.

Siku ya tatu kavu. Doña Obdulia akaanza kuimba akideki. Nikafurahi sana, na nikafanya ujinga. Nikachukua kopo la pilipili, nikaweka maua mawili ya waridi, nikajaza maji mpaka juu, nikamwekea Bikira miguuni. Mimi ndiye. Kopo la kwanza lilikuwa langu, na naliandika hapa kabla mtu hajaniandikia.

Baada ya langu yakaja mengine. Siku ya tano makopo yalikuwa thelathini. Chupa zilizokatwa shingo, vikombe vya mtindi, beseni la mtoto. Maua meupe, maua ya makaburini, matawi ya ile miti ya zambarau inayochanua Machi. Shimo lile lina joto kama tanuri, maua yakapikika siku moja yakawa ute. Na kila anayepita akawa anasimama na chupa yake ya maji ya kunywa kuongeza kidogo, maana hutaki maua ya Mama yakauke. Wale wale. Nawajua. Waliokuwa wanamwaga chao pale sasa wanamwaga maji, kwa heshima, vifua mbele. Makopo yakafurika. Maji yakafuata mwinamo wa sakafu kwenda kwenye bamba, njia ileile ya zamani.

Nikaona, nikamwambia Doña Obdulia tuyamwage. Akanishika mkono.

"Maji ya Bikira, mwanangu? Niyamwage wapi? Kwenye mtaro wa mikojo?"

Nikamwambia basi tuyatoe tu makopo, tuyapange juu mlangoni kwangu. Akasema kilichowekwa miguuni pake aliyekiweka ndiye anayekiondoa. Wewe utasema ujinga. Mimi nilikuwa na mikono miwili na sikuondoa hata kopo langu. Nilinyoosha mkono, nikamwona Bikira anavyotazama chini na macho yake yale ya upole, nikaurudisha. Walinzi hawakuthubutu. Mafundi wa taa hawakuthubutu. Doña Obdulia akazungushia matambara, akawa anayakamua kwenye ndoo ya pekee isiyogusa uchafu, na ile ndoo anaibeba kwenye treni mpaka kwake, mwendo wa saa moja na nusu, kumwagilia mimea yake. Mwanamke wa miaka sitini na moja, amebanwa na watu kila upande, amekumbatia ndoo ya maji ya maua yaliyooza. Ndivyo alivyopambana.

Alhamisi Macario akaja na mnyororo mpya kwenye sanduku. Watu wakajaa ngazini, wengine wanarekodi. Bamba likainuliwa. Chini kulikuwa na utelezi wa kahawia, petali zimeganda kwenye meno ya mashine, na harufu ya kuoza, nzito, tamu, mbaya kuliko ya kwanza.

"Ni maua," akasema Macario. "Haya ni maji ya maua, Msomi."

Msomi Corchado akatoa leso yake. "Sikusema mkojo wala maua. Nilisema pakavu. Doña Obdulia, ni pakavu?"

Nikamtazama aseme ndiyo, aseme sijui, apige kelele, afanye chochote. Alikuwa amesimama na dekio lake, akatazama chini ya bamba.

"Si pakavu," akasema.

Msomi akamwamuru avue shati palepale. Chini alikuwa na blauzi yake ya nyumbani, alikunja lile la kahawia mara nne, vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi. Nilimtukana Msomi matusi ambayo sitayaandika, na mlinzi akanishika kiuno. Halafu Msomi akaamuru Bikira atolewe ukutani. Walinzi wakatazama viatu. Akamwambia Macario. Macario akasema yeye ana mama mgonjwa. Msomi akachukua nyundo mwenyewe, akapanda juu ya makopo, akainua mkono, na akaona simu zote zimemwelekea, na akaona nani anamtazama ukutani. Akashusha nyundo. Akafanya ishara ya msalaba, tena pana, ionekane vizuri kwenye video.

Kwa hiyo Bikira yupo. Makopo yapo, sasa yana mbu. Doña Obdulia hayupo.

Ngazi bado imekufa, sanduku la mnyororo limeegeshwa ukutani na watu wanalikalia kula. Na mikojo? Imehama. Iko ng'ambo, nyuma ya lifti ya walemavu, ambayo nayo haifanyi kazi, na yule bwana wa suti nimemwona huko, kisogo kilekile. Kampuni imeleta binti mpya mwenye shati la kahawia. Anapita na vipokea sauti masikioni, anadeki pale panapoonekana. Simlaumu.

Doña Obdulia alienda ofisi ya usuluhishi wa kazi, wakampangia kikao. Msomi keshapeleka maelezo yake: bado anasema tindikali. Maua hayakutajwa. Kikongwe ameambiwa alete mashahidi kwamba kilichoozesha mnyororo ni mkojo. Mimi nitasema, lakini wakili wa kampuni keshacheka, mimi ni muuza tamale sina hata kibali. Macario aliahidi, na Jumatatu wakamhamishia njia ya kule mwisho wa jiji, simu haipokei. Nikaanza kuwauliza wateja wangu, wale ambao nimewaona kwa macho yangu. Mmoja akasema simjui huyo mama. Mwingine akasema ana mke, itakuwaje akisikia. Yule wa suti nikamsimamisha na tamale yake mkononi nikamwomba, nikamwomba kweli, bila tusi. Akaniambia yeye hajawahi, labda nimemfananisha. Akadai na chenji yake.

Doña Obdulia anasema niwaache, watu wana aibu zao. Aibu ipi? Mnaweza kusimama na suruali wazi mbele ya watu elfu nne saa kumi na mbili jioni, lakini mbele ya karani mmoja na meza yake mnaona haya.

Kikao ni Jumanne, saa nne asubuhi, ofisi ya usuluhishi wa kazi, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Kama ulikojoa kwenye kona ile, njoo. Leta kitambulisho. Taja jina lako, sema ni mimi, sema mara ngapi, weka sahihi, uende kazini kwako.